Vitambaa Vyekundu vya Bi Harusi

Vijana mnaosoma ufundi katika chuo kile cha njia ya Kiwangwa, mkuu wenu ameniomba niwaandikie maneno ya kutia moyo kuhusu ndege iliyosimama uwanjani kwenu, ile mnayoiegemezea baiskeli na ambayo wauza mananasi wamelifanya bawa lake moja kuwa kivuli cha biashara. Nimejaribu kutafuta maneno ya kutia moyo nikayakosa. Nitawaeleza kazi, na moyo mtautia wenyewe.

Mimi ni mwenyeji wa Bagamoyo mjini. Nyumba yetu imeuza vitambaa tangu enzi za babu, na hadi leo duka analo kaka yangu. Nilitarajiwa niolewe na mtu mwenye duka la pili. Badala yake nilisoma uhandisi chuo kikuu, kisha, kwa sababu ambazo marehemu mama hakuzielewa hadi anaingia kaburini, nikaenda kufanya kazi katika karakana ya ndege za kivita. Nimestaafu kwa hiari, na umri bado unaniruhusu kupanda ngazi. Ninachokikumbuka nakikumbuka kwa mapenzi, nanyi hamna budi kukipokea kwa tahadhari, kwa sababu mtu akizungumzia chombo alichokipenda huwa haaminiki sana.

Ndege yenu ni ndege ya mashambulizi. Ilitengenezwa kwa kazi moja: kwenda haraka mahali isikotakiwa, kuacha ilichobeba, na kurudi kabla haijaulizwa. Katika miaka yote niliyoihudumia haikuwahi kumwangushia mtu kitu, isipokuwa kifuniko kimoja cha ubavuni kilichofunguka angani na kutua katika shamba la mihogo. Tulipokwenda kukitafuta, mwenye shamba alikuwa ameshakijaza maji na bata wake wanakunywa. Alituambia kwa adabu kwamba kitu kilichoshuka kutoka mbinguni hakina risiti. Tulirudi karakanani tukachonga kipya, na hadi leo naamini kuwa hilo ndilo shambulio lililoleta maendeleo kuliko yote.

Karakanani tuliiita Bi Harusi. Jina halikutokana na uzuri, ingawa mrembo alikuwa. Lilitokana na maandalizi. Kutwa nzima watu wazima tulikuwa tukimzunguka, huyu anapaka mafuta, yule anakaza, mwingine anafuta kioo kwa kitambaa laini asikikwaruze. Kisha anatoka, anaonekana kwa muda usiotosha kunywa kikombe cha chai, anarudi amechoka, nasi tunaanza upya kumvua na kumvika. Rubani ndiye aliyepigiwa makofi. Wote mliowahi kupamba harusi mnanielewa.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Kombo, fundi mkuu wa viti na silaha, ambaye sasa anaishi Pangani na kulima karafuu zisizomtii. Paji lake la uso lilikuwa na kovu refu alilolipata kwa kujigonga na ukingo wa bawa. Wageni wakimuuliza, alijibu kwamba ni kovu la ndege ya kivita, kisha ananyamaza kwa huzuni, nao wanamvulia kofia. Siku yangu ya kwanza nilifika na shahada yangu na kalamu tatu mfukoni. Aliziangalia kalamu kwa muda.

"Binti, hizo zinaandika?"

"Ndiyo, mzee."

"Ziache nje. Kalamu ikidondoka humu ndani itaandika jina la rubani kwenye sanda."

Ndivyo alivyofundisha. Hakuinua sauti, na hukusahau. Hadi leo siingii mahali pembamba bila kupapasa mifuko yangu kwanza. Alinifundisha pia kugonga bati kwa kifundo cha kidole na kusikiliza, kwa sababu chumvi ya bahari hula chuma kwa ndani huku rangi ikitabasamu kwa nje. Bati zima hulia kavu. Lililoliwa hutoa sauti nzito, kama mtu anayejibu akiwa na mkate mdomoni. Siku hizi mna vyombo vya kupima vinavyotoa picha ya ndani ya chuma, na ni vizuri. Tumieni. Lakini umeme ukikatika, kidole mnacho.

Na alinifundisha habari ya vitambaa vyekundu, ambayo ndiyo sababu hasa ya maandishi haya.

Ndege ya aina hii ina kiti kinachomrusha rubani nje ikitokea balaa angani. Chini ya kiti kuna baruti. Kati ya miguu ya rubani kuna mkono, yaani mpini wa kuvuta; akiuvuta, baruti inalipuka na kiti kinaondoka pamoja naye kama kizibo cha chupa. Ndege ikiwa chini, mafundi huchomeka pini za usalama mahali maalumu ili mkono ule usivutike hata mtu akiukalia. Kila pini hufungwa kitambaa chekundu kirefu kinachoning'inia nje, asije mtu akasema hakukiona. Mzee Kombo alilieleza hivi: "Kitambaa kikionekana, kiti kimelala. Kikitoweka, kiti kiko macho. Usizungumze na mtu kuhusu jambo lolote hadi ujue kiti kinafanya nini."

Miaka ikapita, Bi Harusi akastaafishwa. Wenzake walikatwakatwa, yeye akapewa chuo chenu ili mjifunzie. Mpango ulikuwa safi: ndege ingeletwa kwa tela, kisha mafundi wa silaha wangekuja kutoa baruti chini ya kiti, kisha sherehe. Lakini mgeni rasmi alipata nafasi mapema kuliko baruti. Katika nchi yetu mgeni rasmi hangojei baruti. Sherehe ikasogezwa mbele, mafundi wa silaha wakabaki na tarehe yao ileile, na Bi Harusi akasimama uwanjani na kiti chenye baruti, kimelazwa kwa pini na vitambaa vyake vyekundu. Mimi nilipewa kazi ya kuikabidhi. Sikuwa na hofu. Kiti chenye pini ni kitu salama kabisa, maadamu hakuna kamati.

Kamati ilikuwepo. Mwenyekiti wake alikuwa Bwana Mwinjuma, mkaguzi wa shule mstaafu, mtu mpole, nadhifu, mwenye imani kubwa katika ratiba. Nilihudhuria vikao vyake. Tulijadili rangi ya maturubai hadi adhuhuri. Tulijadili kama pilau iwe ya ng'ombe au ya mbuzi, na mbuzi akashinda. Mjumbe mmoja aliuliza kama ndege inaweza kunguruma kidogo mgeni akifika. Nikajibu kwamba haina injini. Akauliza kama inaweza kunguruma kidogo sana. Iliamuliwa vilevile kwamba mgeni rasmi atapanda ngazi, akae katika kiti cha rubani, na apigwe picha akiwa ameshika mkono wowote utakaoonekana vizuri kwenye kamera. Nilisema kuwa kukaa si tatizo, mradi vitambaa vyekundu visiguswe. Mwenyekiti aliitikia kwa kichwa, na katibu akaandika kitu ambacho, ninavyohisi sasa, kilihusu mbuzi.

Hapa lazima niwakumbushe jambo, kwa sababu baadhi yenu mmetoka mbali. Kwetu pwani kitambaa chekundu kilichofungwa mahali hakichukuliwi kuwa pambo. Ukikikuta mtini, au pangoni kando ya chetezo cha ubani, unajua kwamba mahali hapo pana mwenyewe, na unapita pembeni bila kutema mate. Na sasa hapa palikuwa na dude jeusi lenye pua ndefu, limeletwa limefunikwa, na kichwani mwake vinaning'inia vitambaa vyekundu. Kabla wiki haijaisha nilikuta chini ya gurudumu la mbele kichupa cha marashi na kipande cha mkate wa kumimina. Nilivichukulia kuwa ni mapenzi ya watu kwa elimu.

Asubuhi ya sherehe niliingia uwanjani nikakuta maturubai yamesimama, viti vimevikwa nguo nyeupe, kioo cha chumba cha rubani kimefunguliwa, na vitambaa vyekundu havipo.

Nilipanda ngazi. Havikuwa vimefungwa ndani wala kusukumwa pembeni. Pini zenyewe hazikuwepo. Matundu yake yalikuwa yananitazama. Kiti kilikuwa macho.

Bwana Mwinjuma alinipokea chini ya ngazi, amevaa kanzu mpya na koti juu yake.

"Injinia Zuhura, umeona tulivyokusafishia?"

"Mwenyekiti, vile vitambaa viko wapi?"

"Tumeviondoa. Mgeni rasmi ni msomi, asije akadhani tunaabudu mizimu katika taasisi ya elimu. Ni ushirikina mtupu ule."

"Mmeviondoaje?"

Hapo alishusha sauti. "Kusema kweli, wajumbe walisita kuvigusa. Mimi mwenyewe mkono wangu una baridi yabisi. Akaitwa Bi Tatu, yule anayefagia ofisi. Akavivuta vyote na vijiti vyake vya chuma. Tulisoma dua kwanza, kwa ajili ya usafi."

Basi mkisikia mtu anaulaani ushirikina hadharani, muulizeni amemtuma nani kuugusa.

Nilimweleza. Nilimwambia, kwa sauti ambayo nilijitahidi iwe ya kawaida, kwamba vile vijiti ndivyo vilivyokuwa vinazuia baruti. Kwamba kati ya miguu ya mgeni wetu kutakuwa na mkono. Kwamba mpiga picha atamwambia aushike. Na kwamba akiushika kwa nguvu kidogo atatupwa juu kupita minazi na atarudi chini bila chochote cha kumpokea isipokuwa maturubai ambayo tulijadili rangi yake hadi adhuhuri.

Alinisikiliza kwa heshima kubwa.

"Lakini Injinia, ndege hii si imestaafu?"

"Imestaafu."

"Basi na baruti yake imestaafu."

"Baruti haistaafu, Mwenyekiti."

"Kila kitu cha serikali kinastaafu," aliniambia kwa upole, kama mtu anayemfariji mjane. "Na ratiba imeshachapishwa. Mgeni atakaa."

"Bi Tatu yuko wapi?"

"Amekwenda msibani Fukayosi. Simu yake haina chaji tangu juzi."

Nilijitenga kando ya choo kipya, nikampigia Mzee Kombo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti. Sauti imekukauka. Nani kafa?"

"Hajafa mtu bado. Pini za kiti zimetolewa, mgeni rasmi anakuja kukikalia."

Nilisikia jogoo wake. "Nani katoa?"

"Kamati."

"Basi ni wengi, humpati wa kumlaumu. Sikia. Usichomeke msumari wala bisibisi. Vitakupa moyo, kisha vikatike mtu ameshakaa. Asikae mtu, basi."

"Hawanisikii, mzee."

"Umewaeleza nini?"

"Nimewaeleza habari ya baruti."

"Ndiyo maana. Baruti hawajawahi kuiona. Waeleze kitu wanachokijua."

Akakata simu, kwa sababu alikuwa mtu wa kuhurumia salio hata likiwa la mwenzake.

Nilisimama pale nikiwaza. Nilikuwa nimesoma miaka mingi ili niweze kueleza kwa nini chuma kinavunjika na kwa nini kitu kizito kinaruka, na siku ambayo maelezo yangu yalihitajika kuokoa mtu mmoja, yalikuwa na nguvu sawa na ile ngurumo kidogo sana aliyoiomba mjumbe. Nikaita bajaji nikaenda mjini dukani kwa kaka.

"Nipimie kitambaa chekundu," nilimwambia. "Chepesi, chenye kupepea."

"Cha gauni?"

"Cha ndege."

Kaka aliweka mkasi chini. "Zuhura, shahada yote ile, umerudi kufungua kilinge?"

"Pima, kaka, nina haraka."

"Napima. Ila mwambie mzimu wako kwamba huku hatukopeshi."

Nilirudi uwanjani ngoma zimeshaanza. Hakuna aliyenizuia kupanda ngazi, kwa kuwa mhandisi akipanda ngazi watu hudhani anajua anachokifanya. Nilifunga kitambaa kwenye kila mahali palipokuwa na pini. Nikafunga kingine kwenye ukingo wa kiti na viwili juu ya ngazi, virefu, vikapepea hadi usawa wa uso wa mtu. Nilifanya kile nilichofundishwa tangu siku za mwanzo: kiti cha hatari kinawekewa alama nyekundu ili asije mtu akasema hakuiona. Sikusoma dua. Sikuchoma ubani. Sikutamka neno mzimu hata mara moja. Nilishuka nikakaa kwenye kiti cha mwisho, karibu na masufuria ya pilau.

Mwenyekiti aliviona vitambaa wakati msafara unaingia getini. Alinitazama. Akavitazama. Ungeweza kumwona akipima kati ya ratiba na ngazi: aliyeidhinisha viondolewe ni yeye, Bi Tatu hayupo, na sasa vimerudi vyenyewe, tena vimeongezeka. Hakumtuma mtu. Sidhani kama palikuwa na wa kutumwa.

Mgeni rasmi alikuwa mtu mkunjufu, mnene kiasi, mwenye suti ya kijivu. Alihutubia juu ya sayansi na teknolojia na umuhimu wa kuachana na fikra za kale, akapigiwa makofi. Kisha akaongozwa kwenye ngazi. Mpiga picha akapanda kwanza kwenye meza ili apate pembe nzuri. Mgeni akaweka mguu kwenye kidato cha kwanza, akainua uso, na kitambaa kimoja kikampapasa shavu.

Alisimama.

"Hivi ni vya nini?"

Wajumbe wote wa kamati waligeuka wakanitazama mimi, kwa pamoja, jambo ambalo hawakuwahi kulifanya kwenye kikao chochote. Nilinyanyuka.

"Ni vya kuonya, mheshimiwa. Anayekaa pale bila vile vinavyotakiwa hutupwa nje."

"Hutupwa na nani?"

"Na kiti chenyewe, mheshimiwa."

Ilikuwa kweli tupu, neno kwa neno. Ningeweza kuiandika katika mtihani.

Mgeni rasmi aliuondoa mguu wake kwenye kidato taratibu, kama mtu anayetoka chumba alicholala mtoto. Akarekebisha tai.

"Mimi ni mtoto wa pwani," alisema. "Najua kuheshimu mahali. Tusiwasumbue." Kisha akakumbuka kwamba kuna waandishi wa habari. "Na goti hili nalo linanisumbua. Picha tupigie hapahapa chini."

Picha hiyo mnayo ukutani ofisini kwa mkuu. Mgeni anatabasamu, mkono wake uko karibu na bawa bila kuligusa. Katika neno la shukrani Bwana Mwinjuma aliipongeza kamati yake kwa kuzingatia usalama wa viongozi. Mbuzi alikuwa mzuri.

Bi Tatu alirudi alasiri, amechoka na safari, akanikuta nimekaa chini ya ngazi nikilinda.

"Pini?" alisema. "Zile chuma? Ziko nyumbani. Banda langu la kuku halikuwa na komeo, kicheche alikuwa ananimalizia. Nimezichomeka, zimekaa kama zilizaliwa pale."

"Na vitambaa?"

"Nimevifua. Vilikuwa na mafuta mabaya."

"Hukuogopa, Bi Tatu?"

"Nimuogope nani? Mzimu wa ndege una kazi gani na mimi? Mimi sipandi ndege."

Tulikwenda pamoja. Niliwaondolea kuku ulinzi wa kijeshi, nikawawekea kipande cha waya, nikarudi nikachomeka pini mahali pake moja baada ya nyingine. Kiti kikalala. Hapo ndipo nilipokula pilau, ya baridi, na sijawahi kula pilau tamu kama ile.

Mafundi wa silaha walifika siku yao ileile waliyopangiwa. Kiongozi wao alishuka ngazi ameshika kile alichokitoa chini ya kiti kwa mikono miwili, shati limeloa. "Injinia," aliniambia, "hii ilikuwa hai." Nilimpeleka kwa Bwana Mwinjuma aseme mbele yake, na akasema. Mwenyekiti alikitazama kitu kile kwa muda mrefu, akaguna, kisha akauliza kama kinaweza kubaki ofisini kwake kama kumbukumbu.

Sasa mnaoiosha ndege kila Ijumaa kwa maji ya bomba, na endeleeni kuiosha, maana chumvi haina likizo, mmekuwa mkiniuliza kwa nini vitambaa vyekundu bado vinaning'inia katika ndege isiyo na baruti wala injini. Wengine mmenishauri, kwa adabu, kwamba vinaipa taasisi sura ya kishirikina. Mmoja wenu alikuja na koleo.

Rudisha koleo, mwanangu. Kiti hakina baruti tena, hilo ni kweli. Lakini kamati bado ipo.